HAKI ZA BINADAMU HAZINA KADI YA MWALIKO

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika mkutano uliopita wa tawi letu Katibu alisoma barua. Chuo Kikuu kimoja kitafanya juma la sanaa, haki za binadamu na mambo ya dunia, na wageni watatoka nchi nyingi. Barua yasema chama chetu chaweza kupeleka watu wawili. Katibu hajamaliza kukunja karatasi, watu wakaanza kucheka. Mwenzetu mmoja akasema, "Hayo ni ya wasomi, sisi tuzungumze mshahara." Mwingine akauliza ni nani atakayetoa nauli ya kwenda kusikiliza Kiingereza mchana kutwa. Barua ikaingia ndani ya faili, nasi tukaendelea na habari ya posho.

Mimi nami nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumenikosesha usingizi. Leo naomba nafasi katika karatasi yetu nikiseme nilichopaswa kusema siku ile. Nasema mambo mawili. La kwanza, wakubwa wa vyuo vikuu wanakosea wanapozungumza haki za binadamu mahali ambapo binadamu wa kawaida hawezi kuingia, hawezi kuelewa na hawezi kujibu. La pili, sisi twakosea zaidi tunapokubali kubaki nje ya lango, kisha tukauita uoga wetu akili.

Nilinyamaza kwa sababu nilikwisha kwenda mara moja. Niliona tangazo la mkutano wa namna hiyo limebandikwa ukutani mjini, na siku yenyewe ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikavaa shati safi, nikaenda. Chuo chenyewe sikitaji, maana sikuja kugombana na chuo kimoja. Langoni askari akaniomba kadi ya mwaliko. Nikamwambia sina. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akasema, "Kumbe wewe ni wa viti?" Gari la viti lilikuwa linashushwa pale pale. Nikasema ndiyo, mimi ni wa viti. Nikachukua viwili, kimoja kila mkono, nikaingia navyo ndani ya ukumbi. Kimoja nikakiweka mstari wa mbele kwa ajili ya mgeni. Cha pili nikakiweka nyuma, nikakikalia mwenyewe.

Ukutani palikuwa na picha za zamani za ujenzi wa reli yetu. Nilizitazama kwa furaha, maana ile ndiyo kazi yangu. Nikaona wanaume wanane wamebeba chuma mabegani, mmoja ameshika mtaimbo, mwingine yumo katika kuyapanga mataruma, na kando yao mnyapara amesimama na fimbo yake. Chini ya picha waliandika kwa Kiingereza kwamba hawa ni vibarua wasiojulikana. Nikajiuliza, hawajulikani na nani? Mzee yeyote mstaafu wa Voi angewataja kwa kazi zao, huyu wa kokoto, huyu wa kufunga parafujo, huyu mpiga nyundo. Lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kisha yakaja maneno. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na Kiingereza changu chatosha kusoma kanuni za kazi na kuandika taarifa ya ajali. Niliyafuata yale maneno kama mtu anayefuata treni kwa miguu. Nilisikia kifungu cha 23 kikitajwa, kile cha haki ya kufanya kazi na kuunda vyama vya wafanya kazi. Walipofungua maswali nikasimama, nikauliza kwa Kiswahili: mtu akifanywa kibarua mwaka wa nne bila ya kuandikwa, kifungu hicho chamsaidia nini? Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu. Alitabasamu, akasema wageni hawatafuata, tena wakati umekwisha, labda tuzungumze wakati wa chai. Wakati wa chai hakupatikana. Aliyenipa kikombe ni mama mmoja mhudumu, naye alinisogelea akasema pole pole, "Kaka, swali lile lilikuwa langu. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na huu ni mwaka wa nne."

Ndugu zangu, fikirini hapo. Ndani ya ukumbi kifungu cha 23 kinasomwa, na mlangoni amesimama mtu ambaye kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili yake, ameshika birika. Haruhusiwi kuketi. Hata angeketi, asingeelewa. Hata angeelewa, asingejibiwa.

Wako watakaosema kwamba haki za binadamu ni elimu ngumu iliyotoka Ulaya, hapana budi ipitie kwanza kwa wasomi ndipo itufikie. Hiyo si kweli, na historia yetu wenyewe yakataa. Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948. Lakini tarehe 13 Januari 1947, karibu miaka miwili kabla ya siku hiyo, wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka chini kazi. Walikuwamo watu wa bandari, watu wa reli, watu wa hoteli na watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Walidai mshahara wa kumtosha mtu na nyumba yake, na walidai malipo sawa kwa kazi iliyo sawa bila ya kutazama rangi. Someni kifungu cha 23 leo, mtayaona mambo hayo hayo yamekaa humo.

Kiwanja cha Maskini hakikuwa na kadi ya mwaliko. Hapakuwa na mtu aliyeambiwa akauliza swali lake wakati wa chai. Walitoka bara na pwani, wa lugha nyingi, wakaelewana kwa Kiswahili. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti 1947 akapelekwa Baringo, na siku mataifa yalipoinua mikono kule Paris kuzikubali haki za binadamu, yeye bado alikuwa kizuizini. Basi asije mtu akatuambia kwamba jambo hili lilizaliwa ukumbini na sisi twaletewa makombo. Sisi tulikuwa mezani kabla meza haijatandikwa kitambaa.

Na mambo ya dunia je? Wenzetu husema hayo ni ya mabalozi. Mimi nakaa Marungu. Nikisimama penye reli karibu na Maungu naiona Kasigau upande wa kusini, na nyuma yangu ni njia ya Voi. Je, dunia haikufika hapa? Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta, na vikosi vyao vikawa vinavuka nyika kuja kuilipua reli. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga njia ya kutoka Voi kuelekea Taveta kwa haraka ya vita. Mwaka huo huo wakawakusanya watu wa Kasigau, wakawahamisha mpaka Malindi kwa tuhuma kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia ugenini, na waliosalia hawakurudi kwao mpaka miaka ya 1930. Ugomvi wa wafalme wa Ulaya ulilipwa na mkulima wa Kasigau. Hayo ndiyo mambo ya dunia, nayo yalipita mlangoni petu bila ya kubisha hodi.

Hata leo ni vivyo hivyo. Msitu wa ukanda wa Kasigau uliingia katika biashara ya kaboni ya dunia, na mwaka 2011 mradi wake ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kupata hati za biashara hiyo kwa kulinda msitu. Hewa inayopita juu ya mbuzi wetu ina bei ng'ambo. Je, mchungaji wa Marungu asiwe na haki ya kusikia jambo hilo likizungumzwa kwa lugha anayoielewa, na kuuliza, na kupinga kama aona vema kupinga? Mikutano ya namna hiyo hufanyika, na karatasi husomwa. Watafiti huja kwetu na kalamu, wakatuuliza idadi ya watoto na idadi ya mbuzi, tukawapa maji ya kunywa na kigoda cha kukalia. Kisha karatasi inasomwa mbali, nasi hatuioni tena.

Sasa nitaje mkutano mmoja mkubwa, ili tuone kwamba kosa hili ni la zamani. Mwezi wa Juni 1962 Chuo cha Makerere, Kampala, kilipokea mkutano wa waandishi wa Afrika. Walikuwapo watu wenye sifa, Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, na Langston Hughes alitoka Marekani. Lakini jina la mkutano lenyewe lilisema ni wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kwa kipimo hicho Shaaban Robert wa Tanga, aliyekwisha kuandika vitabu vingi vya mashairi na hadithi kwa Kiswahili, hakuwa na mahali. Mwezi ule ule wa Juni 1962 Shaaban Robert akafariki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeuhudhuria mkutano ule akiwa bado mwanafunzi, ndiye aliyekuja kuliandika jambo hili wazi katika kitabu chake cha mwaka 1986.

Na liko jingine. Fedha za mkutano ule zilipitia chama kimoja kilichojiita cha uhuru wa utamaduni. Mwaka 1966 na 1967 ikafichuka kwamba chama hicho kilikuwa kikilishwa kwa siri na idara ya ujasusi ya Marekani, CIA. Sisemi kwamba waandishi wale walikuwa vibaraka, wengi hawakujua, na kazi zao zimesimama. Nasema hivi: nyumba ikijengwa bila ya mwenye shamba kujua, aweza akatokea mgeni aliyelipa mabati. Kwa hiyo mfanya kazi akiuliza, "Nani amelipa mkutano huu?" asionekane mkorofi. Chama chetu hutusomea mapato na matumizi kila mwaka. Na wao watusomee.

Pengine msomaji atasema, "Kama ndivyo, tukae mbali nao kabisa." Hapana! Hapo ndipo ninapoachana na wenzangu waliocheka. Maana twajua pia kwamba milango ya Chuo Kikuu ikifunguliwa, mambo makubwa hutokea.

Mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wengine wao wa kiwanda cha viatu, walicheza mchezo wa kuigiza kwa lugha yao pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ya wakati ule iliuzuia, na mwisho wa Desemba mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 watu wale wale wakatayarisha mchezo mwingine uliohusu kipande na sheria za kazi za wakoloni. Walipofika kwenye Jumba la Michezo la Taifa mjini Nairobi wakakuta milango imefungwa. Walikwenda wapi? Walikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, wakafanya mazoezi yao katika ukumbi wa pale. Na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi tu! Watu walijaa vitini, wakajaa njiani, wakajaa madirishani. Wengi hawakuijua ile lugha, lakini nyimbo zilikuwa za makabila mengi, na kipande walikijua. Baada ya siku chache mazoezi yakakatazwa, na mwezi wa Machi 1982 ukumbi wa wanakijiji kule Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa na polisi.

Nauliza, kwa nini wenye nguvu waliogopa mazoezi ya mchezo? Mikutano mingapi ya wasomi peke yao ilifanyika miaka ile bila ya kubughudhiwa na mtu! Waliogopa kwa sababu mfanya kazi alikuwa amekwisha kuingia ukumbini. Chuo kikiwa peke yake ni taa ndani ya pishi. Mfanya kazi akiwa peke yake ni mtu anayetembea gizani. Wakikutana, njia yaonekana, na mwizi hapendi njia ionekane.

Tena tusisahau kwamba walimu wa Chuo Kikuu ni wafanya kazi kama sisi. Chama chao kilifutwa mwaka 1980, nao wakakaa zaidi ya miaka 20 bila ya chama kilichoandikishwa, mpaka mwaka 2003. Wako waliofungwa, wako waliokimbia nchi. Siwachukii. Nawaambia kama ndugu: ninyi mlionja kukatazwa kusema, mbona mwatukataza kusema kwa njia ya lugha?

Najua jibu litakalotolewa. Watasema, "Wageni wetu hawajui Kiswahili." Nami nawajibu kwa mfano wa reli. Reli hii ilijengwa na kuendeshwa na Mpunjabi, Mgoa, Mwingereza, Mjaluo, Mkamba na Mtaita. Hapana aliyezaliwa akijua lugha ya mwenzake, na garimoshi lilifika. Palipokuwa na haja palikuwa na mkalimani. Mkutano wenye fedha za kumleta mgeni kwa ndege na kumlaza hoteli, ukose fedha za mkalimani mmoja? Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia Umoja wa Afrika kule Addis Ababa mwaka 2004 kwa Kiswahili, akawashangaza wengi. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Na Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi. Dunia imekikubali, Katiba imekikubali, isipokuwa mwenyekiti wa mkutano wa haki za binadamu ndiye aliyekosa wakati!

Kwa hiyo nashauri tawi letu liitoe ile barua ndani ya faili, lijibu kwa heshima, na liweke masharti haya:

1. Kila neno lisemwalo katika mkutano lisikike kwa Kiswahili, na kila swali liulizwalo kwa Kiswahili lijibiwe pale pale.

2. Angalau siku moja ya mkutano iwe Jumamosi au Jumapili, maana mtu wa zamu hawezi kuacha njia ya reli kwa ajili ya hotuba.

3. Wafanya kazi wa Chuo chenyewe, wapishi, wafagiaji, askari wa lango na wahudumu wa chai, wapewe saa za kuketi ukumbini bila ya kukatwa mshahara.

4. Wanaolipa mkutano watajwe mbele ya watu siku ya kwanza.

5. Mkutano ushuke mpaka kwetu. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walizunguka Uganda na Kenya na michezo yao ya kuigiza, wakicheza bure, na Kiswahili kikiwamo katika lugha walizotumia. Na Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kundi la namna hiyo mwaka 1974. Lililowezekana kwa lori la zamani lashindwaje leo? Siku moja iwe Voi, siku moja iwe Maungu, chini ya mti kama hapana ukumbi.

6. Yaliyozungumzwa yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, karatasi zirudi katika matawi.

Hayo ni ya kwao. Yetu ni haya. Tuwalipie nauli wajumbe wawili, na mmoja awe mwanamke. Wakirudi wasimulie mbele ya mkutano, tusiwape dakika tano za mwisho watu wanapovaa makoti. Wastaafu wetu waulizwe sasa, kabla hawajatutoka, majina ya waliofanya kazi katika njia hii, ili picha ijayo isiandikwe "wasiojulikana". Na kila mwanachama asome kifungu cha 41 cha Katiba, kinachohusu kazi, ujira wa haki, chama na mgomo. Asiyejua kusoma asomewe. Mtu asiyejua haki yake ni kama abiria mwenye tikiti mfukoni anayesafiri juu ya behewa.

Naomba mtofautishe mshahara na haya ninayoyasema, lakini msiyatenganishe. Mshahara ni haki ya binadamu. Mapumziko ni haki ya binadamu, yamo katika kifungu cha 24. Na kifungu cha 27 chasema kila mtu ana haki ya kushiriki katika utamaduni wa watu wake na kuzifurahia sanaa. Kimesema kila mtu. Hakikusema kila mwenye shahada.

Katika shule yetu ya misheni tulifundishwa habari ya mtu aliyeandaa karamu kubwa. Wageni wake walioalikwa hawakuja, ndipo akatuma watumishi njiani na vichochoroni kuwaleta maskini. Nilipokuwa mtoto nilidhani sisi ndio maskini wa vichochoroni, twangojea kuitwa. Siku hizi nafikiri vingine. Karamu hii ya haki za binadamu chakula chake tulikilima sisi Kiwanja cha Maskini. Hatungojei kuitwa.

Yule mama wa chai simjui jina, wala sijui kama bado yuko kazini au mkataba wake ulikatika mwezi wa tatu. Nikipewa nafasi ya kuwa mmoja wa wajumbe wawili, swali nitakalouliza ni lile lile, kwa Kiswahili kile kile, na safari hii sitaingia nimebeba viti.

Umoja udumu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa reli, Marungu